Duka la vitu vya kale Mji wa Kale: shaba safi, kofia za vita geuza uone ndani kwanza

Nyota tatu. Ingekuwa ni taa za shaba na masanduku peke yake ningempa tano, manake huyu ami shaba anaijua, na ukiingia tu unapewa kahawa chungu hata hujasema unataka nini. Shida ni kile kikabati cha vitu vya vita. Jina la duka sitaji, mwenyewe ni mtu wa watu na mi bado narudi pale.

Sa juzi Jumamosi naingia nakuta kofia ya chuma ya Waingereza, ile bapa kama sahani, imekalishwa juu ya kitambaa chekundu, kutu kila mahali, bei 18,000. Nikamuuliza ami hii ya wapi, akanambia mwanangu hiyo ni ya askari wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, ilikwenda Burma ikarudi, we ona hiyo kutu. Kutu! Mombasa hii hii ambayo baiskeli ukiilaza nje wiki mbili tu inakuwa ya kale?

Chuma mtu anakizeesha kwa ndoo ya maji ya bahari, ila bitana ya ndani ndo ngumu kudanganya, kwa hivo nikaigeuza. Bitana ya hizi kofia za Waingereza za Mk II, yaani toleo la pili, zilizoanza 1938 ni kitambaa cheusi kilichopakwa mafuta, kimeshikwa utosini na skurubu moja, na hapo chini ya skurubu kuna kipande kama msalaba cha kukinga kichwa. Miaka themanini na ushee ya unyevu, kutu ya skurubu lazima ishuke iingie kwenye ule msalaba iache duara la kahawia. Hii skurubu imeoza kabisa na kitambaa chini yake safi kama cha Idi. Nikanusa, rangi ya viatu.

Mi hutembea na kile kitochi cha zambarau cha kukagulia noti bandia. Nikamulika, uzi wote ukawaka bluu, kama nguo za kisasa. Hapa msije mkaonea mtu lakini, kitambaa cha zamani kikifuliwa na sabuni ya unga ya siku hizi nacho huwaka, kwa hivo nikamuomba ruhusa nikachomoa kauzi kamoja nikakachoma: kakajikunja kakawa kitone kigumu. Pamba huungua kama karatasi ikabaki jivu. Hiyo ni poliesta, na poliesta imevumbuliwa Uingereza 1941, sa itaingiaje kwenye bitana iliyopigwa mhuri wa 1940?

Ami akacheka mpaka akakohoa. Akainama akatoa nyingine chini ya meza, imejaa vumbi, bitana imechanika upande, ukanda wa kidevuni hakuna, akasema basi mtaalamu nambie na hii. Jamani. Nyuma ukingoni ina matundu matatu, hizo ni za Afrika Kusini, zilitengenezwa Transvaal, na ndani kuna ile alama yao ya U yenye mshale katikati. Na ilifikaje Mombasa haishangazi, 1940 Wasauzi walishukia hapa wakienda kupigana na Waitaliano kule Ethiopia. Duara la kutu lipo pale pale linapotakiwa, upande wa kipaji kitambaa kimekuwa kigumu kwa jasho la mtu, na ukiinua bitana kidogo unaona rangi ya chuma ina kivuli chake, yaani bitana na chuma vimekaa pamoja tangu zamani, hakuna aliyeviozesha juzi. Bei? 6,000, ati kwa sababu imechakaa. Nikatuma 5,000 kwa Mpesa kabla hajapata wazo lingine.

Nyota mbili nimezikata kwa ya mwaka jana. Aliniuzia kofia ya Kijerumani, bitana ya ngozi yenye vidole vinane, nikafika nyumbani naangalia vile vidole havijawahi kuvutwa na kamba, matundu yake bado mviringo kabisa, na pini zote tatu hazina hata alama ya kukunjwa, yaani bandia. Kurudisha akakataa, kitu kikishavuka kizingiti ni chako.

Mkienda nendeni asubuhi, adhuhuri anafunga kwa swala na kurudi kwake ni majaaliwa. Na ile ya 18,000 bado iko juu ya kitambaa chekundu, nimepita jana nimeiona.