Kutegua au kufumbua?

Vitenzi vyote viwili hubeba kiambishi -ua, kinachopindua tendo: tega huzaa tegua, fumba huzaa fumbua. Ukishajua kilichofungwa, umejua kitenzi cha kukifungulia.

Kitendawili hutegwa kama mtego, kwa hiyo huteguliwa. Mmoja husema "Kitendawili!", mwenzake hujibu "Tega!" Nyumba yangu haina mlango: yai. Ukishindwa, utaombwa mji. Tegua halitoki mbali na mtego. Hata bomu hapa Nairobi huteguliwa. Tahadhari na -ka: "nimeteguka" ni habari ya kifundo cha mguu kilichoumia matatuni, si ya akili.

Fumbua lina uwanja mpana zaidi. Macho hufumbuliwa, fumbo hufumbuliwa, na polisi wakimpata muuaji wamefumbua fumbo la mauaji hayo. Lina nomino pia, ufumbuzi; "uteguzi" huusikii mtaani. Wanafunzi hukosea hasa kwenye kauli ya kutendea: "kufumbia macho" uchafu wa mto ni kuuacha makusudi, kinyume kabisa cha kuufumbulia macho.

Kitendawili ukikifumbua utaeleweka, ila kwenye mtihani wa fasihi simulizi andika "tegua". Foleni ya Thika Road? Hiyo tatua tu.