Bolti za Injini ya Pikipiki ya Zamani: Zipi Ununue Nairobi, Zipi Uziache Dukani

Ukiomba bolti kwenye duka la spea pale Kirinyaga Road, swali la kwanza ni "namba ngapi?", na namba inayoulizwa ni ya spana. Kwa pikipiki ya zamani, makosa mengi huanzia hapo. Bolti ya M8 (yaani yenye kipenyo cha milimita 8) ya Kijapani hufunguliwa kwa spana 12, lakini M8 ya hadiweya ina kichwa cha 13. M10 ya Kijapani ni spana 14, ya hadiweya ni 16 au 17. Kubwa zaidi ni nyuzi, yaani meno ya bolti: kwenye injini nyingi za Kijapani, M10 ina umbali wa milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na ile ya kawaida ya hadiweya ina 1.5. Itaingia mizunguko miwili kwa mkono, kisha ikwame. Ukiilazimisha kwa spana, unavua nyuzi za ganda la injini, na ganda ni ghali kuliko bolti zote ulizobeba.

Kwa hiyo nenda na bolti ya zamani mkononi, kalipa ya kupimia kipenyo, na geji ya nyuzi ya kupimia meno. Pima vitu vitatu: kipenyo, umbali wa meno, na urefu kuanzia chini ya kichwa. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, na Kijapani nyingine za umri wake hazina shida kubwa: M6 ni 1.0, M8 ni 1.25. Za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 ndizo za kuangalia, kwa sababu skrubu ndogo zilifuata kipimo cha zamani cha Japani: M5 ya 0.9 badala ya 0.8, M4 ya 0.75 badala ya 0.7.

BSA na Triumph ni habari nyingine kabisa. Injini moja inaweza kuwa na nyuzi za Whitworth, BSF na CEI, vipimo vya zamani vya Uingereza vya inchi, na zile za mwisho wa miaka ya 1960 zikachanganywa na UNF, kipimo kingine cha inchi. Bolti ya robo inchi ya BSF na ya CEI zote zina meno 26 kwa inchi. Tofauti iko kwenye pembe ya jino, digrii 55 kwa BSF na 60 kwa CEI, na jicho halitaiona bila geji. Hizi usizitafute hadiweya. Agiza kutoka kwa wauzaji wa spea za pikipiki za Uingereza, kwa namba ya spea.

Sasa tupange chaguo, la kwanza likiwa bora.

1. Spea halisi ya kiwanda, kwa kila kilicho ndani ya injini

Bolti za konrodi (mkono unaoshika pistoni), stadi za hedi (bolti zisizo na kichwa), nati ya klachi, nati ya magineti na washa za kukunja: hapa hatuna chaguo la pili la kupendekeza. Stadi ya hedi imetengenezwa ili ivutike kidogo na kurudi kila injini inapopata moto na kupoa. Nyuzi zake kwa kawaida hubanwa kwa rola, hazikatwi, na ndiyo maana hustahimili mtikisiko wa miaka. Fundi wa leithi anaweza kukukerezea stadi nzuri ya kutazama, lakini mkato wa kila jino ni mwanzo wa ufa. Stadi ikikatika barabarani, hedi hulegea na gasketi huungua. Bolti ya konrodi ikikatika, konrodi hutoboa ganda.

Washa ya kukunja hutumika mara moja tu. Ukiikunjua na kuikunja tena, sikio lake hukatika na kuingia kwenye oili.

2. Gredi 8.8 yenye zinki, kwa kava zote

Kwa kava ya klachi, ya magineti na ya giaboksi, hili ndilo chaguo letu, na pesa yake ni halali. Gredi ni namba ya nguvu ya chuma, huandikwa kichwani. Skrubu za zamani za kava huwa na alama ya msalaba ya kipimo cha Kijapani (JIS), na bisibisi ya nyota ya kawaida huteleza na kuziharibu. Tumia bisibisi ya kugonga yenye ncha ya JIS kuzifungua, kisha usizirudishe.

Kama kava ina vishimo vya kukalisha kichwa, chukua bolti za alen: ya M6 ina kichwa cha milimita 10 na ki ya 5, na mara nyingi hukaa vizuri. Kama uso ni tambarare, chukua bolti zenye ukingo mpana, kwa kuwa husambaza mkazo kwenye alumini laini bila kuhitaji washa.

Urefu ndio unaowashinda wengi. Chora kava kwenye kadibodi, toboa matundu, na chomeka kila bolti mahali pake unapoifungua. Katika alumini, nyuzi zinazoshika ziwe mara 1.5 hadi 2 ya kipenyo, yaani milimita 9 hadi 12 kwa M6. Fupi kuliko hapo inavua. Ndefu sana inagonga mwisho wa shimo: mkono unahisi imekaza, kumbe kava haijabanwa, na oili inaanza kutoka wiki ya kwanza. Shimo lisilopenya likiwa na oili ndani, bolti inaweza kupasua ganda. Lisafishe na ulikaushe kwanza.

3. Stenlesi A2-70

Inapendeza, haishiki kutu, na kwa pikipiki inayolala nje wakati wa mvua za Aprili mvuto wake unaeleweka. Tunaiweka ya tatu kwa sababu mbili. Huanza kuvutika kwa MPa 450 (kipimo cha mkazo), wakati 8.8 hufika 640. Pili, stenlesi ikikaa ndani ya alumini penye maji, alumini ndiyo huliwa: unga mweupe hujaa kwenye nyuzi, na baada ya miaka bolti hutoka na meno ya ganda. Paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania, na upunguze toki (nguvu ya kukaza) kidogo kwa sababu nyuzi zilizopakwa huteleza. Nati ya stenlesi juu ya bolti ya stenlesi huweza kuungana ukiikaza haraka. Kava, sawa; stadi za hedi, hapana.

4. Nyeusi za 12.9

Wanunuzi huzipenda kwa kudhani nguvu zaidi ni usalama zaidi. Lakini kwenye injini hii kilicho dhaifu ni alumini. Ukiikaza M6 ya 12.9 kwa toki inayoistahili yenyewe, unang'oa nyuzi za ganda na bolti inabaki nzima. Tena rangi nyeusi haizuii kutu. Inunue pale tu kitabu cha injini kinapoitaja.

5. Za mitumba kutoka magari yaliyofunguliwa

Zinafaa kushikilia breketi. Pitisha nati mpya kwa vidole. Ikikwama katikati ya safari, bolti imevutika, iache.

6. Zisizo na alama kichwani

Usinunue kwa ajili ya injini. Bolti halali ya 8.8 ina namba hiyo pamoja na alama ya kiwanda. Namba peke yake, bila alama ya kiwanda, tunaihesabu kama haina kitu. Bolti za kava za boda zinazouzwa kwa pakiti, kwa injini za aina ya CG, huingia bila tatizo. Kagua alama kama zingine, kwa sababu nyingine ni laini.

Nunua mbili za ziada kwa kila urefu, na washa mpya za shaba. Za zamani zinaweza kulainishwa: zipashe moto hadi ziwe nyekundu hafifu, zitumbukize majini, zisugue.

Wakati wa kukaza, pale kitabu hakitaji toki, viwango vya kawaida vya Honda ni Nm 10 kwa M6, 22 kwa M8 na 35 kwa M10. Kaza kwa mkingamo, kwa awamu mbili. Bolti ya M6 ikizunguka bila kukaza, usiongeze tepu ya plastiki wala bolti nene. Tumia helikoili, koili ya waya inayoweka nyuzi mpya: toboa kwa biti ya 6.3, kata nyuzi kwa tepu ya chuma ya helikoili ya M6, weka koili ya milimita 9, uvunje kile kisikio cha kuingizia na ukitoe kwa koleo kabla ya kufunga kava. Ukikisahau, kinaweza kuishia kwenye gia.