Bili ya 411,500 kwa malaria, hospitali binafsi Mbeya: nimebisha mpaka wakashusha

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za watu wa maabara pamoja na sista mmoja wa zamu ya usiku, wengine wote hapana. Jina la hospitali naliacha kwanza maana suala bado lipo mezani kwao, ila ni ya binafsi, ipo hapa hapa jijini, na ukiiona kwa nje utasema hapa nimefika.

Mama mdogo alikuja kututembelea akitokea Kyela, Jumamosi jioni akashikwa na homa anatetemeka na kila akimeza kitu anatapika. Sisi wa huku juu kwenye baridi malaria siyo kitu cha kila siku ila mtu akitoka Kyela na homa hata bodaboda anakwambia kapime malaria. Tukaenda, mapokezi wakataka dipoziti ya 150,000 kabla hajalazwa, nikatoa. Maabara walikuwa fasta kwakweli, majibu yakatoka malaria ipo, na wakaongeza "na taifodi kidogo" kwa kipimo cha Widal, kile ambacho mtu aliyewahi kuugua zamani kinaweza kusoma tu, hapo sikubishana nao, nilitaka mgonjwa apate dawa.

Dawa ni artesunate ya sindano, kwa anayetapika ndiyo yenyewe, inachomwa ya kwanza, baada ya saa 12 inachomwa nyingine, ikifika saa 24 ya tatu, akiwa anaweza kumeza ndo anahamia dawa mseto. Ya kwanza akachomwa saa 2 usiku. Sasa Jumapili saa 2 asubuhi kimya, saa 3 kimya, naenda kwa sista ananiambia "dada, dipoziti inasoma imekaribia kuisha, nenda keshia kwanza", keshia kumefungwa wapo kwenye chai. Akaja kuchomwa saa 6 mchana. Kanula, kile kipira cha kupitishia dawa mkononi, nayo ilishatoka kwenye mshipa, mkono umevimba umeng'aa kama andazi, mama anasema panauma wanamjibu "vumilia mama ni dawa inaingia", mpaka usiku alipoingia yule sista niliyemsema, akaugusa mara moja tu, akaitoa akaweka upande wa pili, akamwomba mama samahani. Mama mdogo akamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Blanketi hawatoi, na ilikuwa mwezi wa 7, wanaoijua Mbeya mwezi wa 7 watanielewa.

Jumatatu asubuhi daktari akaruhusu. Bili: 411,500. Imeandikwa kwa mafungu tu, "dawa", "vipimo", "kitanda", "huduma". Nikamwambia dada wa keshia naomba mchanganuo, kitu kimoja kimoja na bei yake. Akaniangalia kama nimemtukana. Akasema mfumo hautoi, nikasema basi nakaa hapa hapa mpaka utoe, mfumo ukatoa.

Sasa sikilizeni hapa. Artesunate dozi 5 kwa 24,000 kila moja. Kitanda siku 3 kwa 35,000. Daktari bingwa 50,000. Bingwa gani jamani?? Aliyemwona mama ni yule yule kijana wa mapokezi ya dharura na hiyo tayari ilishakuwepo kwenye 25,000 ya faili na kumwona daktari.

Nikaomba faili liletwe tulinganishe. Karatasi ya dawa kila sindano ina saa na saini ya aliyechoma, zilikuwa 3, saini 3. Mhasibu akaitwa akaanza kueleza, kumbe keshia wanachaji kinachotoka famasi, famasi walitoa dozi 5 kwenda wodini, mbili hazikutumika na hakuna aliyezirudisha kwenye mfumo. Yani kama hukuomba faili unalipia dawa iliyobaki kabatini. Kitanda nacho wanahesabu tarehe siyo usiku, na ukivuka saa 4 asubuhi upo bado ndani unahesabiwa siku mpya, wakati kilichotuchelewesha ni hiyo hiyo bili yao! Hapo nilipandisha sauti kidogo, nakiri foleni yote ilikuwa inasikiliza, na mzee mmoja nyuma yangu akaomba mchanganuo wake na yeye.

Wakatoa 48,000 ya sindano na 35,000 ya kitanda, ikabaki 328,500. Ya bingwa wakagoma, eti alishauriwa kwa simu. Nikauliza ameandika wapi maana daktari akitoa ushauri unaandikwa kwenye faili, hakuna mstari hata mmoja. Kwa kuwa mama alikuwa amechoka amekaa kwenye benchi na kitenge kichwani nikalipa, ila kwenye nakala yao nikaandika kwa peni kwamba 50,000 nalipa huku napinga, tarehe na saini, nikachukua risiti ya EFD pamoja na mchanganuo.

Wenye bima msidhani haiwahusu, ile fomu mnayosaini mkitoka isomeni, kama imeandikwa vitu hamkupewa msisaini mpaka irekebishwe, maana mfuko wa bima ndio unaolipa na sisi wengine wa cash ndo tunaambiwa bei imepanda.

Barua nimempelekea mganga mfawidhi wao, yaani daktari msimamizi wa hospitali, nimeambatanisha kopi za kila kitu, nakala kwa mganga mkuu wa jiji, zote mbili zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Mfawidhi mwenyewe alinipigia, ana lugha nzuri, akasema "tunalifanyia kazi dada yangu". 50,000 haijarudi.