Győr kwa miguu: makanisa, viwanja, na picha ya Bikira Maria kutoka Ayalandi

Nasoma Budapest kwa Stipendium Hungaricum, ufadhili wa serikali ya Hungaria, kama Wakenya wenzangu kadhaa, na mwaka mzima nilikuwa nikiahirisha safari ya Győr, mji wa magharibi mwa nchi hii. Mwishowe nilipanda treni Ijumaa moja, safari ya saa moja na nusu hivi, nikiwa nimeshalipia mtandaoni matembezi ya kuongozwa.

Kampuni siitaji. Nasema tu yaliyonipata, ili anayepanga kwenda ajue pesa yake aipeleke wapi. Tulikuwa watu ishirini na ushee, kila mmoja na kidude cha kusikilizia sikioni, na changu kilikwaruza tangu mwanzo. Ndani ya saa moja tulipitishwa viwanja vitatu na makanisa matatu, wala hatukuingia hata moja. Tulionyeshwa milango, tukatajiwa miaka, mwavuli wa mwongozaji ukapanda juu, tukaendelea. Iliniuma sana. Kanisa la baroko, ule mtindo wa zamani wa Ulaya wenye mapambo mengi, kwa nje linaweza kuwa ukuta wa kawaida tu wenye minara miwili. Waliolijenga kazi yao waliiweka ndani.

Jioni nikamweleza mama mwenye nyumba niliyofikia. Akanipa namba ya mwalimu mstaafu wa historia anayetembeza mtu mmoja au wawili kwa wakati. Kesho yake asubuhi tulikuwa naye saa tatu nzima. Nililipa zaidi ya bei ya kundi, na ningelipa tena leo.

Alianzia mtoni. Győr imekaa mahali ambapo mito ya Rába na Rábca inaingia kwenye tawi la Danube linaloitwa Mosoni-Duna, na ukisimama pale unaelewa kwa nini kila jeshi liliutaka mji huu. Waturuki waliuteka mwaka 1594. Inasimuliwa kuwa waliweka jogoo wa chuma juu ya mnara, wakasema Wakristo wataurudisha mji siku jogoo huyo atakapowika. Mwaka 1598 ukarudishwa, na jogoo yule ni alama ya mji hadi sasa. “Shika hilo kwanza,” akaniambia mwalimu. “Watu hawa walijenga wakiwa wametoka kwenye hofu.” Nilipofika Uwanja wa Széchenyi maneno hayo yalinisaidia: katikati pana nguzo ya Bikira Maria ambayo Askofu Kollonich aliisimamisha mwaka 1686, kushukuru kwa Buda, ambayo leo ni sehemu ya Budapest, kukombolewa kutoka kwa Waturuki. Siku iliyotangulia niliipita nguzo hiyo nikiwa nahangaika na sikio langu.

Upande mmoja wa uwanja huo ndipo lilipo kanisa la Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Wajesuiti walianza kulijenga mwaka 1634 kwa kufuata mfano wa Il Gesù, kanisa lao mama kule Roma, na siku hizi liko mikononi mwa Wabenediktini. Mwalimu hakusema kitu. Aliniketisha benchi la nyuma, akaninong'oneza nisubiri macho yazoee. Dakika tano hivi. Kwanza niliona giza na dhahabu, basi. Kisha dari likaanza kufunguka: mawingu, malaika, miguu ya watu inayoning'inia juu yako kana kwamba paa limeondolewa. Ni kazi ya Paul Troger, mchoraji wa Austria, ya miaka ya 1740. Rangi ya picha kama hizo hupakwa juu ya chokaa ikiwa bado mbichi, na fundi hupiga chokaa ya kumtosha siku moja tu, maana ikikauka rangi haishiki tena. Mwalimu alinielekeza kwenye mstari mwembamba karibu na bawa la malaika mmoja. Hapo, akasema, fundi aliweka brashi chini, akaenda kulala. Niliutazama mstari ule kuliko nilivyotazama dhahabu yote.

Mlango wa pili tu kuna duka la dawa la Wajesuiti lililoanza mwaka 1654. Dari lake ni la plasta iliyofinyangwa. Ingia, dakika kumi zinatosha.

Kanisa la Wakarmeli, kwenye Uwanja wa Lango la Vienna, lilijengwa kati ya 1721 na 1725 na bruda wao wenyewe, Márton Wittwer. Ndani lina umbo la yai, kwa hiyo popote unapokaa unajiona umezungukwa. Hilo nililipenda kwa utulivu wake. Na uwanja wenyewe, kwa maoni yangu, unaushinda ule mkubwa kwa uzuri, hasa asubuhi kabla meza za mikahawa hazijatandazwa.

Tukapita pia kwenye sanamu ya Sanduku la Agano, malaika wakilibeba juu ya nguzo. Ni ya mwaka 1731. Inasimuliwa kwamba wakati wa maandamano ya Ekaristi askari walimvamia mtoro aliyejificha kati ya waumini, na katika vurugu monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ikaanguka na kuvunjika. Mfalme Karoli akagharamia sanamu hiyo kuwa malipizi. Sikuwahi kufikiri kwamba serikali inaweza kuomba radhi kwa jiwe, tena zuri namna ile.

Kanisa kuu liko juu ya kilima kidogo. Asili yake ni enzi za Mtakatifu Stefano, mfalme wa kwanza wa Hungaria. Limebomolewa, limeungua, limejengwa tena, na baroko ni vazi moja tu kati ya mengi liliyovaa. Dari lilichorwa na Maulbertsch, mchoraji wa Austria. Katika kikanisa cha Héderváry pana sanamu ya kichwa cha Mtakatifu Ladislaus, mfalme wa kale wa Hungaria, ya fedha iliyopakwa dhahabu, na karibu yake kaburi la Mwenye Heri Vilmos Apor. Huyu alikuwa askofu wa hapa. Ijumaa Kuu ya mwaka 1945 alisimama mbele ya askari wa Kisovieti waliotaka kuwachukua wanawake waliojificha kwenye handaki la nyumba yake. Wakampiga risasi, akafa Jumatatu ya Pasaka. Nyumba hiyo ipo ng'ambo ya uwanja tu. Mwalimu alipofika hapo aliacha kueleza, akapiga ishara ya msalaba, nami nikafuata.

Halafu akanipeleka kwenye altare ya pembeni. Picha si kubwa: Bikira Maria ameunganisha mikono, anamwombea Mtoto aliyelala. Ililetwa na Askofu Walter Lynch, aliyeikimbia Ayalandi wakati Wakatoliki walipoteswa na Cromwell, mtawala wa Uingereza, akapokewa Győr na kufia hapa. Inasimuliwa kuwa tarehe 17 Machi 1697, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, picha hiyo ilitoa machozi ya damu.

Mimi nimekulia Kitui, kwenye parokia iliyohudumiwa na mapadre wa Kiayalandi wa Shirika la Mtakatifu Patrisi. Tarehe 17 Machi kwetu tulipikiwa. Sikutarajia kumkuta Mwayalandi mkimbizi katikati ya Hungaria, na miguu ilikataa kuondoka.

Kwa anayekwenda: lala usiku mmoja, usije na kurudi siku hiyo hiyo. Jumapili asubuhi makanisa yana Misa, ingia kusali au ngoja nje. Mwongozaji wa mtu mmoja nampa nyota tano. Matembezi ya kundi nayapa mbili, na hizo ni kwa ajili ya viwanja vyenyewe.

Jumapili baada ya Misa nilimwomba mzee wa sakristia ruhusa, nikampigia mama yangu simu ya video.

“Mtoto amelala kweli?” akauliza.

“Amelala, mama.”

“Basi usiseme kwa sauti. Niwekee hapo kidogo.”

Nikaishika simu juu mbele ya altare mpaka mkono ukaanza kutetemeka, naye kule Kitui akawa anasali rozari yake polepole, kumi la kwanza, la pili, bila kunitazama mimi hata mara moja.