Injini gani ununue kwa ndege yako ya kwanza ya rimoti

Ukiniuliza ununue injini gani, nami nitakuuliza mafuta utayapata wapi. Wengi huanza na picha: alumini inang'aa, bei inavumilika, pesa zinatumwa, mzigo unafika, ndipo mtu anatambua kwamba injini yake hainywi petroli. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia mtungi wa mafuta kwanza, halafu injini. Namfikiria mtu wa Nairobi, Arusha au Mombasa anayejenga ndege ya kujifunzia kwa mbao za balsa, bawa la juu, upana wa mita 1.6 hivi toka ncha hadi ncha, uzito kilo mbili na nusu.

Ya kwanza: .46 ya glo, mipigo miwili

Inaongoza, na inayoifuata iko mbali nayo. Hiyo .46 ni ujazo wa silinda kwa hesabu ya inchi, karibu sentimita za ujazo 7.5. Plagi yake, ndiyo inayoitwa glo, haitoi cheche. Ndani mna waya mwembamba wa platini uliosokotwa kama springi. Unaupasha kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, unaondoa betri, na waya unaendelea kuwa mwekundu wenyewe kwa joto la silinda na kwa jinsi platini inavyochochea methanoli, ambayo ndiyo mafuta ya injini hii. Hakuna koili wala nyaya za kubeba angani.

Watakuambia .40 inatosha. Pwani, sawa. Lakini Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 15 hivi. Injini hula hewa kabla ya mafuta, kwa hiyo .46 ukiiwasha huku inakupa nguvu za .40 iliyoko ufukweni. Na mara nyingi zote mbili zimejengwa kwenye kasha lile lile, kwa uzito unaokaribiana. Iliyopangwa pwani ikipandishwa huku, sindano ya kabureta ifungwe kidogo, la sivyo itatapika moshi na kukosa nguvu.

Kwa jina, ningemnunulia ndugu yangu O.S. ya Japani, kampuni iliyoanzishwa Osaka mwaka 1936, kwa sababu vipuri vyake ndivyo rahisi kuagiza na kabureta yake inapangika bila kubembelezwa. Mfuko ukibana, SC au ASP za China zinaruka vizuri, ila utakaa nazo muda zaidi kabla hazijatulia mizunguko ya chini.

Sasa mtungi. Wauzaji wa ng'ambo husisitiza mafuta yenye nitromethani. Kemikali hiyo ni ghali na kuisafirisha ni kazi, na kwa injini ya kujifunzia huihitaji. Changanya methanoli asilimia 80 na mafuta ya mbarika asilimia 20, basi. Ndiyo mafuta ya baadhi ya mashindano ya kimataifa kwa miaka mingi. Methanoli inauzwa na wauzaji wa kemikali. Shida iko kwenye mbarika, ambayo wengine huiita mafuta ya nyonyo. Chupa yangu ya kwanza niliipata kwenye duka la vipodozi. Nikaitikisa na methanoli ndani ya chupa ya kioo, nikaiacha mezani, asubuhi nikakuta matabaka mawili: methanoli juu, mafuta chini. Mbarika safi huyeyuka kabisa ndani ya methanoli na chupa hubaki angavu. Ile yangu ilikuwa imechanganywa na mafuta mengine, na ingeniulia injini siku ya kwanza. Fanya jaribio hilo kwa kila chupa unayonunua, hata kama muuzaji ni yule yule.

Na nakuomba sana: methanoli usiiweke kwenye chupa ya soda wala ya maji. Ni sumu ile ile inayopofusha na kuua watu inapoingia kwenye pombe haramu. Moto wake hauonekani kwenye jua, kwa hiyo ukihisi joto bila kuona mwali, rudi nyuma.

Injini mpya ikifika, izungushe taratibu kwa mkono. Pistoni ikifika juu kabisa utahisi inakaza. Haijakwama. Tundu la silinda limebanwa kidogo kule juu kwa sababu ndiko kwenye joto kali; silinda ikipata moto inatanuka kuliko pistoni na mkazo unakwisha. Ndiyo maana kuizoesha injini mpya kwa kuiendesha saa nzima ikiwa baridi na imejaa mafuta ni kuila pistoni.

Ya pili: petroli, sentimita za ujazo 20

Mafuta yanapatikana kila kituo, unatia oili ya mipigo miwili kama ya msumeno wa petroli, na kwa nguvu ile ile inakunywa karibu nusu ya glo. Mtu anayeruka kila wikendi ataokoa pesa. DLE-20 ndiyo inayojulikana zaidi. Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu pamoja na kifaa chake cha cheche inakaribia kilo moja, na inataka ndege ya mita mbili yenye kilo tano hivi. Ndege ya namna hiyo si ya kuangushia masomo. Cheche zake pia husumbua mawimbi ya rimoti, kwa hiyo kifaa hicho kikae sentimita 30 mbali na kipokezi, kikiwa na betri yake.

Ya tatu: glo ya mipigo minne

Saito au O.S. ya .52 hadi .56. Sauti yake ni ya ndege halisi, nzito na ya chini, na majirani wa uwanja watakushukuru. Bei inakaribia mara mbili ya .46, valvu zinahitaji kupimwa nafasi, na bila nitromethani huwa ngumu kutulia. Iache iwe ya ndege ya pili.

Za mwisho: .25 kushuka chini

Ndege ndogo hurushwarushwa na upepo na haimpi mwanafunzi muda wa kufikiri. Na injini ndogo za dizeli zinataka etha kwenye mafuta yake, nayo etha utaitafuta mpaka uchoke.

Ukinunua iliyotumika

Shika propela uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Zungusha polepole ukiwa umeisogeza sikioni: mkwaruzo kama mchanga ni kutu, na injini nyingi za pwani hufia hapo, kwa kuwa methanoli huvuta unyevu. Niliwahi kuuziwa moja kama "imewashwa mara mbili tu", na beringi ya nyuma ilikuwa nyekundu kabisa. Muuzaji akikataa kifuniko cha nyuma kifunguliwe, ondoka.

Kwenye mzigo huo huo agiza plagi za akiba tatu, propela nne za inchi 11 kwa 5, na kijiti cha mpira cha kuzungushia. Kidole kisikaribie propela. Na kabla hujalipa, ulize mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya au TCAA kwa Tanzania, masharti ya kuruka eneo lako.