Toyota Altezza na viatu vyake: tairi na rimu zipi ununue, zipi uachane nazo

Wadau, haupiti mwezi bila mtu kuniuliza "kaka nimevuta Altezza, niweke rimu gani itulie?" na mimi namrudishia swali, tairi ulizonazo sasa hivi ni za mwaka gani? Kimya. Hapo ndo ugonjwa wetu ulipo, tunaanza na rimu kwa sababu rimu inaonekana ukipaki, halafu tairi tunaitafutia kwenye chenji iliyobaki. Nilishafanya hivyo nikajuta, kwa hiyo mpangilio wangu hapa hela kubwa inaenda kwenye mpira, rimu zinafuata.

Naongelea Altezza maana ndo naiendesha, ila mwenye Mark X au Verossa asome tu, mambo mengi yanafanana, nati tano za 5x114.3 (yaani zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3) na nyuma ndo kunasukuma.

Kabla ya kwenda dukani angalia saizi. Altezza zipo zilizokuja na rimu za inchi 16, tairi 205/55R16, na zile za toleo la Z Edition zikaja na 17, tairi 215/45R17. Hesabu yake siyo ngumu, hiyo 215 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya huo upana ambayo ndo urefu wa ubavu, yaani kwenye 17 una ubavu kama milimita 97 na kwenye 16 una 113. Sasa hizo milimita ndo zinazomeza mashimo yetu. Ukisikia mtu ameweka 19 yenye 225/35, ubavu wake haufiki sentimita 8, halafu anaishi Goba ndani ndani huko, wewe mwombee tu.

Namba moja kwangu, na sibadilishi: rimu orijino za 17 za Toyota na tairi nne mpya za kampuni inayoeleweka. Hazina mbwembwe lakini zinakaa vizuri kwenye hubu (kile kitovu rimu inapofungwa), haziguswi na fenda, na hela uliyookoa kwenye rimu inakununulia mpira wa maana. Kama mfuko unaruhusu, Michelin Pilot Sport 4 au Yokohama Advan Fleva au Bridgestone Potenza RE003. Kwa Dar mimi ningeenda na Michelin, siyo kwa sababu ya jina, ni kwa sababu ya masika. Gari hii ni nyepesi, kilo 1,300 na ushee, magurudumu ya nyuma ndo yanasukuma, sasa ukiingia kwenye maji yaliyotuama Mandela Road na tairi ambayo haitoi maji vizuri mkia unakuja kukusalimia dirishani. RE003 kwenye lami kavu ni tamu sana, ila ubavu ni mgumu na utasikia kila jiwe.

Angalia pia namba ya TREADWEAR ubavuni. Ikiwa 200 au karibu na hapo ujue mpira ni laini, unang'ata lami lakini unaisha haraka, ikiwa 400 na kuendelea itakaa muda mrefu ila usiitegemee sana kwenye kona. Kwa gari ya kazini na wikiendi kidogo, kati ya 240 na 340 ndo pazuri. Zile za mashindano kama Federal 595RS-R waachie wenye gari ya pili, mvua ikinyesha zinakuwa sabuni.

Namba mbili ni hiyohiyo orijino ya 17 ila tairi za daraja la kati, za Korea na Taiwan, Hankook, Kumho, Nankang. Hapa ndo wengi wetu tunaangukia na wala si aibu. Nankang NS-2 nimekaa nayo vizuri tu, kelele kidogo ikianza kuisha, basi. Hakikisha alama ya uzito na spidi, kwenye 215/45R17 utakuta 87W au 91W, maana yake tairi moja inabeba kilo 545 au 615 na spidi mpaka kilomita 270 kwa saa. Huendi huko, najua, lakini tairi yenye W imejengwa kuvumilia joto kuliko yenye H, ya spidi ndogo zaidi, na joto ndo linaua tairi kwenye safari ya Dar mpaka Dodoma saa saba mchana.

Namba tatu, hapa sasa wapenda urembo mkae vizuri: rimu za mtumba za Kijapani, zile za kweli, na tairi mpya. Enkei, Work, SSR, Rays zinaingia na magari ya kukatwa na kontena za spea, ukipita Ilala na Kariakoo kwa subira unapata. Ndani ya rimu tafuta alama JWL, ya viwango vya Kijapani vya rimu, ikiwa na VIA, ya wakaguzi wa hukohuko, ndo safi zaidi. Kopi nazo zinabandika JWL siku hizi kwa hiyo usiishie hapo. Igeuze, angalia ukingo wa ndani, kwa sababu wauzaji wanapaka rangi mbele tu, ndani ndo kuna makovu. Muombe fundi aifunge kwenye mashine ya balansi aizungushe bila tairi, ikicheza kama sahani ya santuri iliyopinda iache. Imechomelewa? Iache hata kama anakupunguzia nusu bei. Rimu iliyopinda ikachomwa moto ikanyooshwa inakuwa imeshapoteza nguvu pale ilipochomwa, na nyufa zinaanzia hapohapo.

Kwenye rimu za nje kuna vitu vitatu vinavyowapiga watu. Cha kwanza ni ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapokaa kwenye hubu, ikipungua rimu inatoka nje. Orijino ya 17 ni upana wa inchi 7 na ofseti 50, wewe unaona 17 ya inchi 8 yenye ofseti 35 unaipenda, haya piga hesabu, inchi moja zaidi inagawanyika milimita 12.7 kila upande, jumlisha 15 za ofseti, rimu inatoka nje karibu milimita 28. Hapo utaanza kukunja fenda, na ukipakia watu wanne unasikia krrrr kwenye kila tuta. Kwangu inchi 7.5 yenye ofseti 45 inatosha, inatoka nje milimita 11 na gari inajaa vizuri.

Cha pili tundu la katikati. Altezza hubu yake ni milimita 60.1 na rimu nyingi za nje zimetobolewa 73.1 ili ziingie gari yoyote, sasa bila ile ringi ya kuziba nafasi rimu inabebwa na nati peke yake na ukifika 90 usukani unaanza kutetemeka, unaenda kufanya balansi mara tatu, fundi anakula hela yako mara tatu, kumbe ni kiringi cha plastiki.

Cha tatu nati. Rimu orijino nyingi za Toyota zinatumia nati zenye shingo na washa bapa, rimu za nje nyingi zinataka nati zenye kichwa cha koni. Nyuzi zake ni zilezile 12x1.5 kwa hiyo zote zinaingia na zote zinaonekana zimekaza, na moja inakudanganya. Jirani yangu alisikia nok nok nok akajua ni boljointi, amebadilisha boljointi zote mbili, kuja kuangalia stadi mbili (zile bolti zinazoshika nati) zimekatika na za tatu iko njiani.

Namba nne, Mchina mpya, yaani tairi mpya ya China. Najua kuna watakaonirushia mawe, lakini Mchina mpya wa mwaka huu kutoka kampuni kubwa kama Sailun, Linglong au Triangle namchukua kuliko Mjapani wa mtumba wa miaka tisa. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo. Kasoro yake ni kwenye maji na kwenye breki za ghafla, hapo utaiona tofauti, kwa hiyo ukiweka Mchina endesha kama umeweka Mchina.

Namba tano, mtumba. Hapa nikae kidogo maana ndo palipoumia mfuko wangu. Gari ilipofika kutoka Japani tairi zilikuwa na kashata nene, yale meno ya mpira yanayokanyaga lami, mpaka nikawa najisifu kwamba mwaka mzima sinunui tairi. Safari ya kwanza kwenda Morogoro, jua la mchana, nimeipita Chalinze, kila nikigusa usukani gari inajibu kwa kuchelewa, kama imekaa juu ya godoro. Nikajua bushi, nikajua shokapu. Fundi mmoja mzee hata jeki hakuchukua, akachuchumaa akafuta vumbi ubavuni na kidole gumba, akanionyesha neno STUDLESS na kachapa ka theluji pembeni yake. Tairi za barafu! Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali, ukiuleta kwenye lami yetu ya moto unakuwa kama ubani umeachwa juani. Zikaisha kabla ya miezi mitano. Kwa hiyo ukiona Blizzak au iceGUARD dukani kwa bei ya kuchekesha na kashata zimejaa vijimikato vidogo vidogo kama vya kisu, shukuru halafu pita.

Nikatoka hapo nikaenda kununua mtumba tena, sijui nilirogwa na nani. Zinang'aa, zimepakwa dawa nyeusi, jamaa anaapa ni za juzi tu. Sasa tarehe ya tairi ni tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni, kama ni 2319 basi imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, lakini tarehe kamili inakuwa ubavu mmoja tu. Zangu zote nne zilifungwa ubavu wa tarehe ukiwa ndani. Zote nne! Niligundua siku ya pancha, fundi kaitoa kaigeuza, tairi ina miaka 11. Siku hizi nikinunua chochote naiangalia tairi pande zote kabla haijafungwa, na naikunja kidogo ubavuni nione kama kuna vijinyufa.

Ya mwisho kabisa, hata namba siipi, ni kopi za 19 zenye kromu na tairi yoyote itakayoingia. Ni nzito, zinakula maisha ya shokapu na bushi, gari inakuwa nzito kuondoka, na shimo moja la usiku linatosha.

Kama hela ni ya tairi mbili tu kwa sasa, nunua mbili zinazofanana na uzifunge nyuma. Najua mafundi wengi watakwambia mbele kwenye usukani. Mbele ikiteleza unaachia mafuta inarudi, nyuma ikiteleza kwenye mvua wengi wetu hatuna ujuzi wa kuirudisha. (Wenye Subaru inayosukuma kwa magurudumu yote manne hii haiwahusu, nyie nunueni nne mle jeuri yenu.)

Ukishafunga, alaimenti siku hiyohiyo, na upepo fuata stika iliyopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, siyo kichwa cha kijana wa pampu. Stika za Kijapani zimeandikwa kPa, sasa yeye akiona 230 anachanganyikiwa anakuwekea 40 kama hiace, wakati 230 ni PSI 33 tu kwenye geji yake. Na nati zikazwe kwa mkono na spana ya kipimo, 103 Nm kwa Altezza, siyo ile bunduki ya upepo mpaka ilie. Tembea kama kilomita 100 halafu rudi uzikaze tena, mimi huwa nafanya hivyo asubuhi kabla injini haijawashwa, na mara ya mwisho moja ilisogea robo mzunguko.