Kozi ya Roboti na Akili Mnemba kwa Wanafunzi wa Sekondari, Malindi: Maoni ya Mwalimu

Kozi hii ya likizo hufanyika katika ukumbi wa kukodi mtaa wa Barani. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na niliketi nyuma ya darasa kozi nzima pamoja na wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Tofauti na mafunzo mengine ya roboti niliyoyaona, haikuanza na nyaya wala betri, bali na mtu anayekutana na mashine.

Somo la kwanza ndilo bora kuliko yote. Mwanafunzi mmoja alijificha nyuma ya pazia, akakiendesha kwa kompyuta kiroboti cha magurudumu chenye kopo la biskuti kuwa kichwa, huku wenzake wakiamini kwamba kinajiamulia chenyewe; ndiyo mbinu wanayoitumia watafiti kupima mwenendo wa watu kabla mashine haijakamilika. Waliandika nani alikisogelea, nani alikisalimu, nani alirudi nyuma. Pazia lilipofunguliwa, binti aliyekuwa amekipa jina alikasirika waziwazi. Mkufunzi hakumcheka. Aliwaeleza habari za ELIZA, programu iliyotangazwa mwaka 1966 na Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, ambayo ilichukua tu maneno ya mtu na kuyarudisha kwa namna ya maswali, na bado watu wakaitolea ya moyoni. Mjadala uliofuata, kuhusu iwapo ni halali kumhadaa mtu katika utafiti hata ukimwomba radhi baadaye, ulikula muda wa chai na hakuna aliyelalamika.

Kihisi cha umbali nacho kilifundishwa vizuri. Hutoa mlio usiosikika na kupima muda wa mwangwi. Kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, ukuta ulio umbali wa mita moja hurudisha mwangwi baada ya takriban milisekunde 6. Kiroboti kilisimama barabara mbele ya ukuta, kisha kikamgonga mwanafunzi aliyevaa buibui, kwa sababu kitambaa laini hufyonza mawimbi hayo. Wanafunzi wenyewe wakapendekeza kiongezwe swichi ya mguso kwa mbele, na kwa mji kama wetu pendekezo hilo lina uzito.

Sehemu ya akili mnemba ilinikatisha tamaa. Walifundisha kompyuta kutofautisha embe ngowe na boribo kwa picha, lakini ngowe zote zilipigwa picha mezani na boribo zote mkekani, hivyo boribo iliyowekwa mezani ikaitwa ngowe. Kosa hilo lilikuwa hazina, lakini mkufunzi alilipita mbio. Baadaye akataja kwa sentensi mbili utafiti wa mwaka 2018 wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, ulioonyesha mifumo ya kutambua jinsia kwa uso ikikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi na chini ya asilimia 1 kwa wanaume weupe, bila kuonyesha kwamba chanzo kikubwa ni kilekile cha picha zisizowakilisha wote.

Kompyuta ni chache, na karatasi za mazoezi ni za Kiingereza kitupu ingawa ufundishaji ni wa Kiswahili. Ningewapeleka tena Kidato cha Tatu na cha Nne, waliokwisha kusoma mawimbi. Wa madarasa ya chini wangoje.